Mada Kubwa, Ushahidi Kiduchu: Hotuba kwa Wanafunzi Wanaoandika Kuhusu Masuala ya Kimataifa

Waheshimiwa wahadhiri, wahariri wa toleo hili la jarida la wanafunzi, na nyinyi wanafunzi ambao ndio wenye shughuli, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu nafasi ya mwanafunzi katika utafiti wa masuala ya kimataifa. Nadhani aliyeniomba alitarajia niwapongeze kidogo, nitaje amani na mshikamano wa mataifa, kisha tupige picha ya pamoja. Hongera nawapa, tena za dhati, maana kuandika makala ya kitaaluma huku mitihani inakukodolea macho si mchezo. Ila nilipewa pia rasimu zenu nizisome kabla ya kuja, na nilipozisoma nikaona pongezi peke yake zitakuwa ni kuwadanganya.

Mada zenu ni kubwa mno. Mmoja anaandika kuhusu mustakabali wa utaratibu wa dunia. Mwingine ameshika kupanda kwa China na kushuka kwa Marekani, yote mawili kwa mkupuo. Mwandishi anaanzia mikataba ya amani ya Westphalia, Ulaya, mwaka 1648, anavivuka vita viwili vya dunia kwa aya mbili, anagusa Vita Baridi, anatua Ukraine na Gaza, halafu anahitimisha kwa kupendekeza kwamba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lifanyiwe marekebisho. Kiswahili ni safi na marejeo yamejaa. Lakini msomaji anafika mwisho akiwa anajua yale yale aliyoyajua kabla ya kuanza.

Najua mnakotoa tabia hiyo. Mmefundishwa kwamba jambo zito linataka mada nzito, na mnaogopa kuonekana wadogo. Mimi naona mnatupa kitu ambacho wengine wangekilipia. Balozi anaandika akiwa na msimamo wa serikali yake mezani. Mwandishi wa habari ana saa chache. Profesa ana mfadhili, na mfadhili ana matarajio. Mwanafunzi ana muhula mzima, ana maktaba, ana msimamizi wa kumkosoa bila malipo ya ziada, na hakuna anayemwelekeza jibu liwe lipi. Kwa hali hiyo anaweza kulifuata jambo moja dogo mpaka shina lake. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na sina nyingine.

Nianze na wanafunzi wenzenu wa Pasifiki. Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, katika kampasi yake ya Port Vila, Vanuatu, walikuwa wakijadili darasani njia za kisheria za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Wanatoka visiwa ambavyo bahari inavila taratibu, kwa hiyo wangeweza kuandika insha ndefu za uchungu na hakuna ambaye angewalaumu. Wao wakachagua swali la kisheria: Je, Mahakama ya Kimataifa ya Haki inaweza kuombwa maoni ya ushauri kuhusu wajibu wa mataifa katika jambo hili?

Swali hilo lilikuwa na mlango wa kuingilia. Ibara ya 96 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaliruhusu Baraza Kuu kuiomba Mahakama maoni kuhusu suala lolote la kisheria. Aidha, wazo lenyewe lilikwishajaribiwa. Palau, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, ilitangaza nia hiyo mbele ya Baraza Kuu mwaka 2011, ikakosa uungwaji mkono, na jambo likafifia. Mwanafunzi mvivu angeliona hilo kuwa ushahidi kwamba haiwezekani. Hawa waliunda chama, wakawaandikia viongozi wa visiwa vyao, serikali ya Vanuatu ikalichukua, na tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu likapitisha azimio la kuiomba Mahakama maoni, bila hata kupiga kura, kwa sababu hakukuwa na taifa lililosimama kulipinga. Zaidi ya nchi 130 zilikuwa zimelidhamini. Desemba 2024 Mahakama ilisikiliza mataifa na mashirika kwa takriban wiki mbili mjini The Hague. Tarehe 23 Julai 2025 majaji wakatoa maoni yao kwa kauli moja: mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuulinda mfumo wa tabianchi, na taifa linalokiuka wajibu huo linaweza kuwajibika, ikiwemo kulipa fidia pale masharti ya sheria yanapotimia.

Maoni ya ushauri hayafungi kama hukumu. Nalisema hilo mapema kwa sababu namwona pale nyuma mtu ameshainua mkono, na ana haki. Lakini mawakili duniani kote sasa wanayanukuu, na swali lililoyazaa lilianzia darasani. Tazameni pia kile ambacho wanafunzi wale hawakukiuliza. Hawakuuliza dunia ifanye nini kuhusu tabianchi. Waliuliza chombo fulani kinaweza kuombwa nini, na nani, kwa ibara ipi. Swali lilikuwa limebana kiasi kwamba lilijibika, na jibu lake likawa na watu wa kulifanyia kazi.

Mfano wangu wa pili hauna bahari wala visiwa. Una jedwali la Excel, na mimi nauhusudu zaidi.

Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Walichokipata kilikuwa rahisi kukumbuka: nchi tajiri ambazo deni lao la umma lilipita asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa asilimia hasi 0.1 kwa mwaka. Yaani uchumi unasinyaa. Ulaya ilikuwa katikati ya msukosuko wa madeni, na wanasiasa wa pande zote mbili za Atlantiki waliitumia namba ile kutetea sera za kubana matumizi. Tunazungumzia bajeti, mishahara na pensheni za watu.

Thomas Herndon alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Katika somo la takwimu za uchumi alipewa zoezi la kawaida kabisa: chagua makala maarufu, rudia hesabu zake, uone kama utapata majibu yale yale. Akachagua hiyo. Akahesabu, akakosa. Akarudia, akakosa. Walimu wake mwanzoni walidhani kijana amekosea mahali, kama ambavyo mwalimu yeyote angedhani. Hatimaye akawaandikia waandishi wenyewe, nao, kwa uungwana ambao lazima tuwape sifa yake, wakamtumia faili lao.

Akalifungua. Nchi zilikuwa 20, zimepangwa kinyume cha alfabeti kuanzia mstari wa 30 hadi wa 49. Kanuni ya kutafuta wastani iliishia mstari wa 44. Nchi tano za mwanzo wa alfabeti, yaani Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, zilikuwa hazimo kwenye hesabu.

Hapa ndipo wengi husimulia kisa hiki wakaishia, kwa kuwa kosa la Excel linachekesha. Lakini kosa lile peke yake lilibadilisha jibu kidogo tu. Uzito wa kazi ya Herndon na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, uko kwenye mambo mawili yasiyochekesha. Kwanza, baadhi ya miaka ya baadhi ya nchi ilikuwa imeachwa nje ya hesabu. Pili, kila nchi ilipewa uzito sawa, hata kama ilikaa na deni kubwa kwa miaka mingi au kwa mwaka mmoja. Uingereza ilikuwa na miaka 19 ya deni la juu ya asilimia 90, na ukuaji wake wa wastani katika miaka hiyo ulikuwa asilimia 2.4. New Zealand ilikuwa na mwaka mmoja tu uliohesabiwa, 1951, na mwaka huo uchumi wake ulishuka kwa asilimia 7.6. Miaka 19 ya Uingereza na mwaka mmoja wa New Zealand vikawekwa kwenye mizani vikiwa na uzito ule ule. Herndon na wenzake walipopanga upya, wastani ukatoka hasi 0.1 ukawa asilimia 2.2. Hiyo ilikuwa Aprili 2013. Waandishi wa awali walilikubali kosa la jedwali, wakaendelea kuitetea hoja yao ya jumla, na mjadala wa deni na ukuaji bado unaendelea kati ya wachumi.

Zingatieni kwamba Herndon hakuja na nadharia mpya ya uchumi wa dunia. Alifanya zoezi la darasani kwa ukaidi. Angeandika makala yenye kichwa kikubwa kuhusu ubepari na madeni, leo nisingekuwa namtaja.

Sasa nigeukie kazi zenu, na hapa nitakuwa mkali kidogo, mnivumilie.

Katika rasimu zenu, kura ya Baraza Kuu ya tarehe 2 Machi 2022 kuhusu uvamizi wa Ukraine imetajwa mara nyingi sana. Wengi mmeandika kwamba nchi 141 ziliunga mkono azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake, 5 zikapinga na 35 zikajizuia. Sahihi. Halafu mnaanza kueleza kwamba nchi za Kusini mwa dunia, yaani zinazoendelea, zimechoshwa na unafiki wa Magharibi, na kura za kujizuia ndizo ushahidi wenu.

Hebu jumlisheni. 141 na 5 na 35 ni 181. Umoja wa Mataifa una wanachama 193. Nchi 12 ziko wapi?

Hakuna rasimu iliyouliza. Na hapo ndipo makala nzuri ilipokuwa imelala. Kujizuia ni kitendo: mjumbe yuko ukumbini, anabonyeza kitufe, jina la nchi yake linaonekana kwenye ubao, na mara nyingi anaomba nafasi ya kueleza kura yake. Kutokuwepo ni jambo lingine, na lina sababu nyingi. Ethiopia na Morocco hazikupiga kura kabisa siku ile, na kila moja ilikuwa na hesabu zake za kidiplomasia. Venezuela nayo haimo kwenye orodha. Ukimwona mshirika wa karibu wa Moscow hakupiga kura, utaharakisha kuandika kwamba amesitasita. Kumbe Venezuela ilikuwa na malimbikizo ya michango, na Ibara ya 19 ya Mkataba inasema kwamba mwanachama ambaye deni lake linafikia au kupita michango ya miaka miwili kamili iliyotangulia hana kura katika Baraza Kuu, isipokuwa akiruhusiwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Msimamo wa nchi hiyo kuhusu vita ulijulikana na kila mtu, lakini siku ile haukuweza kugeuka kuwa kura.

Hata zile 35 si kundi moja. Katika maelezo yake, India ilidai njia salama kwa raia wake waliokwama Ukraine, wengi wao wakiwa wanafunzi. Afrika Kusini ililalamikia jinsi azimio lilivyoandaliwa na ikasema maandishi yake hayafungui nafasi ya mazungumzo. China ina sababu zake. Na Afrika, ambayo waandishi wengi huizungumzia kama nchi moja, iligawanyika: 28 ziliunga mkono, 17 zikajizuia, Eritrea ikapinga, 8 hazikupiga kura. Mwanafunzi anayechukua nchi nane hizo tu, akafuatilia kila moja ilisema nini wiki ile na wiki zilizofuata, atakuwa ameandika kitu ambacho hata mtaalamu atakisoma kwa makini. Kumbukumbu za kura ziko kwenye maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa, bure, na kumbukumbu za hotuba ziko humo humo. Kinachotakiwa ni kukaa.

Kukaa na kusoma, tena kusoma hati yenyewe. Mmoja wenu ameandika kwamba tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi iliyofunguliwa na Afrika Kusini, iliamua kuwa upo uwezekano kwamba Israel inafanya mauaji ya kimbari Gaza. Simlaumu peke yake, kwa maana magazeti makubwa yaliandika hivyo hivyo. Lakini amri ya Mahakama haisemi hivyo. Ilisema kwamba angalau baadhi ya haki ambazo Afrika Kusini ilidai zilindwe, yaani haki ya Wapalestina wa Gaza ya kukingwa dhidi ya mauaji ya kimbari, zina msingi unaokubalika kwa hatua ile ya kesi. Joan Donoghue, aliyekuwa rais wa Mahakama siku ile, alilifafanua jambo hilo kwenye mahojiano ya BBC Aprili mwaka huo. Mahakama iliamuru hatua za muda, ikiwemo kuruhusu misaada ya kibinadamu, na haikuamuru kusitishwa kwa mapigano. Msimamo wako kuhusu vita vile unaweza kuwa wowote, na wangu ninao. Lakini ukiwa unaamini kwamba uhalifu mkubwa unafanyika, ndiyo sababu zaidi ya kunukuu amri ilivyoandikwa, maana anayekupinga ataisoma, na akikukamata kwenye nukuu hatahangaika tena na hoja yako.

Kuhusu takwimu, nitasema kwa ufupi, ingawa ningeweza kukesha hapa. Kila namba ya kimataifa imehesabiwa na mtu, kwa kanuni aliyoichagua. Mkiandika kwamba vita vimeongezeka duniani, niambieni mmehesabu nini. Mradi wa takwimu za migogoro wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, unaanza kuhesabu mgogoro wa silaha pale vifo vya mapigano vinapofika 25 kwa mwaka, na unauita vita vinapofika 1,000. Ukitumia kizingiti cha kwanza unapata dunia moja, ukitumia cha pili unapata nyingine, na zote mbili ni halali mradi umesema umetumia kipi.

Au chukueni zile dola bilioni 100 kwa mwaka ambazo nchi tajiri ziliahidi Copenhagen mwaka 2009, zifikiwe ifikapo 2020, kwa ajili ya tabianchi katika nchi zinazoendelea. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), ambalo wanachama wake wengi ndio watoaji wenyewe, lilihesabu dola bilioni 83.3 kwa mwaka 2020, na likasema lengo lilivukwa mwaka 2022 kwa bilioni 115.9. Oxfam, shirika la misaada, ilizichukua zile bilioni 83.3 ikasema thamani halisi ya msaada uliomo ni kati ya bilioni 21 na 24.5. Haiwezekani? Inawezekana kabisa. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni mikopo. Upande mmoja unauhesabu mkopo wote kama fedha iliyotolewa, upande wa pili unauliza ni kiasi gani kinabaki baada ya mkopaji kurudisha deni na riba, na tena unauliza ni kiasi gani cha mradi kinahusu tabianchi kweli. Katika rasimu zenu nimekuta namba ya OECD kwenye makala moja na ya Oxfam kwenye nyingine, kila mwandishi akiiamini yake kama ameishuhudia. Wahariri wangewakutanisha hao wawili chumba kimoja, wangetoka na makala ya tatu iliyo bora kuliko zote mbili.

Halafu kuna sura ya nadharia. Jamani. Nani aliwaambia kwamba kila makala lazima ifunguliwe kwa kurasa nne za uhalisia, uliberali na mtazamo wa ujenzi wa kijamii, kama dua ya ufunguzi, na baada ya hapo nadharia hizo zisionekane tena mpaka hitimisho? Kiti cha kwanza cha uprofesa wa siasa za kimataifa kilianzishwa Aberystwyth, Wales, mwaka 1919, na watu waliotoka kwenye vita wakitaka kujua kwa nini vilitokea na visirudi vipi. Walikuwa na swali kabla ya kuwa na shule za mawazo. Kama nadharia inakusaidia kueleza kwa nini nchi mbili zenye maslahi yanayofanana zilipiga kura tofauti, itumie. Kama haikusaidii, niondoleeni.

Mmoja wenu ameandika kuhusu watu wanaohamishwa na kupanda kwa bahari, akawaita wakimbizi wa tabianchi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hauwatambui hivyo, maana unamtaka mtu awe na hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Lakini badala ya kumkata maksi, ningemwelekeza kwa Ioane Teitiota wa Kiribati, nchi ya visiwa vya Pasifiki, aliyenyimwa hifadhi New Zealand akapeleka lalamiko lake mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Uamuzi uliotangazwa Januari 2020 haukumpa ushindi. Hata hivyo Kamati ilikubali kwamba athari za tabianchi zinaweza kufikia kiwango ambacho kumrudisha mtu kwao kutakuwa ni kuvunja haki yake ya kuishi. Kati ya mkataba wa 1951 na uamuzi huo kuna pengo, na mwandishi wetu angeweza kukaa katikati ya pengo hilo akaandika kurasa ishirini zenye maana.

Na wale waliohojiana na wakimbizi moja kwa moja, kazi yenu ni nzuri, lakini nimekuta jina la mtu, umri, kambi na jina la kijiji alichokimbia, vyote katika sentensi moja. Wahariri, sentensi hiyo isichapishwe. Jarida linasomwa popote, na waliomfukuza mtu huyo nao wanajua kusoma.

Niseme na neno kuhusu programu za kompyuta zinazoandika. Sitawahubiria. Ila nilipokuwa nikikagua marejeo yenu nilikutana na makala yenye mwandishi, mwaka, jina la jarida na namba za kurasa, na makala hiyo haipo. Jarida lipo, toleo lipo, kurasa hizo zina kitu kingine kabisa. Programu hizi hubuni marejeo kwa ustadi wa kutisha, na dawa yake haihitaji teknolojia yoyote: usitaje ambacho hukukifungua. Mkisema kwamba sheria hiyo itapunguza orodha zenu za marejeo kwa nusu, nitasema alhamdulillahi.

Nimalizie na wahariri, ambao hawashukuriwi na mtu. Majarida ya wanafunzi yana ugonjwa wake: timu inahitimu, nywila ya tovuti inapotea, toleo la tatu halitoki. Dawa sina nzima, lakini nina ombi la vitendo. Kila makala yenye hesabu au jedwali ichapishwe pamoja na faili lake, ili mwanafunzi wa mwaka kesho aweze kulifungua na kuwaumbua mkistahili. Tengeni pia kurasa chache katika kila toleo kwa ajili ya kurudia kazi ya mwingine: mwanafunzi anachukua makala inayonukuliwa sana, au hata makala ya toleo lenu lililopita, anafuata hatua zake, anaandika alichokikuta. Ikikutwa sawa, ichapishwe kwamba iko sawa. Majarida makubwa huwa hayana hamu na kazi ya namna hiyo kwa sababu haivutii. Nyinyi hamna wanahisa.

Na mhakiki akikurudishia makala imejaa wino mwekundu, usinune. Ameisoma kuliko mama yako atakavyoisoma.

Naambiwa tuna nafasi ya maswali. Wenye kompyuta hapo mbele, fungueni ile orodha ya kura ya tarehe 2 Machi wakati tunaendelea. Katika nchi 12 ambazo hazikupiga kura nimezitaja tatu tu. Zimo pia Azerbaijan, Turkmenistan na Uzbekistan, tatu ambazo zamani zilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, na ningependa kusikia kutoka kwenu tungeanzia wapi kuichunguza kila moja. Karibuni.